Akwariamu ya Maji Chumvi Yenye Mimea kwa Samaki-Chura wa Sagasamu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yaliyokusanywa hapa ni yale yanayorudiwa na watu wanaotaka kumfuga *Histrio histrio*, yaani samaki-chura wa sagasamu, mwindaji aishiye katika vichaka vya sagasamu, mwani unaoelea baharini, ndani ya tangi lililopandwa mwani na nyasi za bahari badala ya matumbawe. Kila swali limepewa namba ili jibu moja liweze kumwelekeza msomaji kwenye jingine bila kurudia maelezo.

## Misingi

1. Samaki-chura wa sagasamu ni samaki gani hasa?

Ni samaki wa familia ya Antennariidae, jamaa wa mbali wa wale samaki wa vilindini wanaobeba nuru juu ya kichwa ili kuvutia windo. Yeye hana nuru. Ana kijiti kifupi tu juu ya pua chenye kinyama kidogo nchani. Linnaeus alimwandika mwaka 1758 na kumpa jina la *histrio*, neno la Kilatini lenye maana ya mwigizaji, na jina hilo linamstahili. Ngozi yake ya manjano, kahawia na zeituni, pamoja na vinyama vinavyoning'inia mwilini mithili ya majani yaliyochakaa, humfanya asitofautike na kichaka alimojificha, na anaweza kugeuza rangi yake kutoka nyepesi hadi ya giza kwa muda mfupi. Hufikia sentimita 20, ingawa wengi wanaoonekana ni wadogo zaidi.

Mapezi yake ya kifuani yameumbika kama viganja, naye huyatumia kushika matawi na kutambaa taratibu kuelekea windo. Likifika karibu, kinywa hufunguka ghafla na kuvuta maji pamoja na windo lote. Katika jamii ya samaki-chura tendo hilo limepimwa kuwa huchukua takribani milisekunde 6, kwa hiyo anayetazama huona tu kwamba uduvi aliyekuwapo hayupo tena.

Anapatikana katika Atlantiki, Bahari Hindi na magharibi ya Pasifiki, popote mwani unapoelea kwa wingi. Jina la samaki-chura limetumika hapa kwa sababu ya umbo lake la kuchuchumaa na kinywa chake kipana.

2. Kwa nini nipande mimea, na si matumbawe kama wafanyavyo wafugaji wengi wa maji chumvi?

Sababu ya kwanza ni kwamba huyu si samaki wa mwambani. Maisha yake yote huyapitisha akiwa ameshikilia kitu laini chenye matawi, na ndani ya tangi lenye mawe matupu atang'ang'ania bomba la pampu au waya wa hita kwa kukosa kitu bora.

Sababu ya pili ina uzito zaidi, na majibu mengi yanayofuata yanaitegemea. Samaki mwindaji hula nyama tupu, na nyama hiyo hutoka mwilini mwake kama amonia, kisha hubadilishwa na bakteria kuwa nitriti na hatimaye nitrati. Katika tangi la matumbawe, uchafu huo ni balaa ambalo mfugaji hupigana nalo kila wiki. Katika tangi la mwani, uchafu huo ni mbolea, kwa kuwa mwani hunyonya amonia na nitrati ili ukue. Uduvi anayeliwa Jumatatu huonekana Ijumaa ya wiki inayofuata kama tawi jipya, na tawi hilo likikatwa na kutolewa, uchafu umetoka nje ya tangi moja kwa moja. Kwa maoni yangu hakuna samaki anayelifaa shamba la mwani kuliko mwindaji mlafi, wala hakuna tangi linalomfaa mwindaji mlafi kuliko shamba la mwani, mradi mwenye tangi akumbuke kuvuna (tazama swali la 13).

3. Je, mwani ni mmea?

Kwa wanabiolojia, hapana. Mwani hauna mizizi ya kweli, hauna maua, na hunyonya chakula chake kwa mwili mzima kutoka majini. Nyasi za bahari ndizo mimea kamili, zenye mizizi, maua na mbegu. Tofauti hii ina faida ya vitendo: mwani unaweza kufungwa juu ya jiwe au kuachwa uelee, lakini nyasi za bahari hudai mchanga wa kina. Katika majibu haya neno "mimea" linajumuisha yote mawili.

4. Je, samaki huyu anamfaa mtu anayeanza?

Samaki mwenyewe si mgumu, kwa sababu hatembei sana, hahitaji tangi kubwa na hula kwa pupa. Kigumu ni subira. Shamba la mwani linapaswa kukaa bila samaki kwa wiki nyingi, na mtu anayeanza ndiye hasa asiyeweza kungoja. Aliyewahi kuendesha tangi la maji baridi lenye mimea kwa mwaka mmoja hivi atakuwa na jicho la kutambua mmea unaodhoofika, na jicho hilo lina thamani kuliko vifaa.

## Tangi, maji na taa

5. Tangi liwe na ukubwa gani?

Kwa samaki mmoja, lita 100 hadi 150 zinatosha. Chini ya hapo samaki angeweza kuishi, lakini maji machache hubadilika haraka mno baada ya mlo mmoja mkubwa. Tangi pana ni bora kuliko tangi refu la kwenda juu, kwa kuwa samaki huyu hukaa karibu na uso wa maji na mwani unaoelea huhitaji eneo. Meza iwe imara: lita 150 za maji ya bahari hukaribia kilo 154, bila kuhesabu kioo, mchanga na mawe.

Mfuniko ni wa lazima. Porini samaki huyu huruka juu ya tabaka la mwani akifukuzwa na samaki wakubwa, na anaweza kuvumilia kukaa nje ya maji kwa muda. Sakafu ya sebule, hata hivyo, haina mwani wa kumrudisha majini. Wavu wa plastiki wenye matundu madogo unafaa zaidi kuliko kioo, kwa sababu hauzuii hewa wala kuongeza joto.

6. Ninaishi Pwani. Je, ninaweza kuchota maji ya bahari badala ya kununua chumvi ya akwariamu?

Inawezekana, na wengi wa Dar es Salaam, Tanga na Mombasa wangeokoa fedha nyingi kwa njia hiyo, lakini wakati na mahali pa kuchota ndivyo vinavyoamua. Chota maji yakiwa yamejaa, na ikiwezekana siku za maji mafu, kwa kuwa siku za bamvua mkondo huwa na nguvu na huchafua maji kwa tope. Epuka milango ya mito, bandari, na fukwe zinazopokea maji ya mitaro. Wakati wa masika usichote kabisa karibu na ufuo, kwa sababu mvua hupunguza chumvi ya maji na kuleta uchafu wa nchi kavu. Maji yaliyochotwa na mashua mbali kidogo na ufuo ndiyo bora. Yachuje kwa kitambaa kizito, yahifadhi gizani katika mapipa ya plastiki ya chakula kwa wiki mbili, kisha yapime kabla ya kuyatumia.

Anayeishi bara atatumia chumvi ya akwariamu, takribani gramu 35 kwa lita, ikiyeyushwa katika maji yaliyochujwa kwa osmosisi, yaani kwa kupitishwa kwenye utando unaozuia madini. Chumvi ya jikoni haifai hata kidogo: ina sodiamu na klorini tu, wakati maji ya bahari yana magnesiamu, kalisi, potasiamu na madini mengine ambayo mwani huyategemea.

7. Vipimo vya maji viwe vipi?

Uzito linganifu, yaani uzito wa maji ukilinganishwa na wa maji yasiyo na chumvi, uwe kati ya 1.024 na 1.026, pH kati ya 8.1 na 8.4, amonia na nitriti visionekane kabisa kwenye kipimo. Hapa ndipo tangi la mwani linapotofautiana na mengine: nitrati isiwe sifuri. Kiwango cha miligramu 5 hadi 20 kwa lita huupa mwani chakula, na fosfati kidogo pia inahitajika. Nitrati ikishuka hadi sifuri, mwani hupauka na kuanza kukatika, na mfugaji aliyezoea kusifu sifuri hushangaa kwa nini shamba linakufa katika maji "safi". Kalisi iwe miligramu 400 hadi 450 kwa lita ikiwa umepanda halimeda (swali la 11).

Kumbuka kwamba maji hukauka lakini chumvi hubaki. Kinachoongezwa kila siku kufidia upungufu ni maji yasiyo na chumvi.

8. Chumba changu hufikia nyuzi 31. Je, ni tatizo?

Ndiyo, na tatizo hilo huanzia kwenye mwani. Lenga nyuzi 24 hadi 27 za Selsiasi. Wakulima wa mwani wa Paje na Jambiani, huko Zanzibar, wanalijua jambo hili kuliko kitabu chochote: maji ya mapwani yanapopata joto kali, hasa pamoja na mvua inayopunguza chumvi, mwani hugeuka mweupe na kukatika vipande vipande. Aina iitwayo kotonii huathirika zaidi. Aina nyingine, spinosamu, huvumilia zaidi kidogo. Yanayotokea kwenye shamba la kamba na vigingi hutokea pia kwenye kioo.

Feni ndogo inayopuliza juu ya uso wa maji hupunguza nyuzi mbili au tatu kwa kuyafanya maji yavukize, ingawa hewa yenye unyevu mwingi ya Pwani hupunguza nguvu ya njia hii. Weka tangi mbali na dirisha linalopata jua la mchana. Mashine ya kupoza maji ni ghali na hula umeme. Inunue baada ya kujaribu feni. Anayeishi Arusha au Nairobi ana tatizo la kinyume, naye atahitaji hita, ambayo lazima ifunikwe kwa kizimba cha plastiki kwa kuwa samaki huyu atakwenda kuishika na kuungua.

9. Nitumie taa gani?

Taa za LED zenye mwanga mweupe wa kati ya Kelvini 5,000 na 7,000, kwa saa 10 hadi 12 kila siku, zikiwashwa na kuzimwa na saa ya umeme. Taa za buluu kali zinazouzwa kwa ajili ya matumbawe hukuza mwani pia, lakini huharibu rangi ya samaki machoni. Taa za mimea ya bustani hufanya kazi nzuri kwa bei ndogo, mradi zikingwe na mvuke wa chumvi.

10. Pampu na vichujio vipangwe vipi?

Mwani hupenda maji yanayotembea, kwa sababu ndiyo yanayouletea chakula na kuuondolea vumbi. Samaki huyu hapendi kupigwa na mkondo. Suluhisho ni kuelekeza pampu kwenye kioo ili maji yazunguke polepole, na kuacha kona moja tulivu iliyojaa matawi. Kila mdomo wa pampu ufunikwe kwa sponji. Samaki-chura haogelei vizuri. Hujisukuma kwa kutoa maji kupitia matundu mawili madogo ya matamvua yaliyo nyuma ya mapezi ya kifuani, na nguvu hiyo haishindi mvuto wa pampu iliyo wazi.

Skima ya protini, yaani chombo kinachoondoa uchafu kwa povu, si lazima shamba likishashika. Hata hivyo inafaa iwepo katika miezi ya mwanzo, na siku ya ajali iliyoelezwa katika swali la 18 utashukuru kuwa nayo.

## Mimea

11. Nianze na mwani wa aina gani?

Anza na ketomofa (*Chaetomorpha*), ambayo hufanana na nyuzi za kijani zilizosokotana. Haiungani na mawe, huvunwa kwa mkono, na ni vigumu kuiua. Pembeni yake weka grasilaria (*Gracilaria*) nyekundu, iliyofungwa kwa uzi juu ya mawe; matawi yake ndiyo ambayo samaki huyapenda zaidi, na samaki wa manjano juu ya mwani mwekundu ni mandhari yanayostahili gharama yote. Aliye karibu na mashamba ya Zanzibar, ambako kilimo cha biashara kilianza mwaka 1989 na hadi leo wakulima wengi ni wanawake, anaweza kununua vipande vya spinosamu kwa mkulima na kuvifunga kwenye kamba nyembamba iliyovutwa kutoka kioo hadi kioo, kama inavyofanywa shambani. Hukua haraka ukipewa mwanga mwingi.

Kaulepa (*Caulerpa*) ni nzuri na ni hatari. Hutambaa juu ya mchanga na mawe, hujaza tangi ndani ya miezi michache, na kila mche wake, hata ukiwa na urefu wa mita, ni seli moja tu kubwa. Umbile hilo ndilo chanzo cha mkasa wa swali la 18. Halimeda, yenye vipande vigumu vya chokaa kama sarafu zilizounganishwa, hukua taratibu na ina udhaifu huohuo kwa kiwango kidogo.

Kila kipande kipya kisuuzwe katika ndoo ya maji ya bahari na kukaguliwa, kwa kuwa ndani yake hujificha kaa wadogo wanaoweza kumdhuru samaki aliyetulia.

12. Je, sagasamu yenyewe haiwezi kuishi ndani ya tangi? Na vipi kuhusu nyasi za bahari na mikoko?

Sagasamu huishi kwa muda, kisha mara nyingi huanza kudondosha majani na vile vifuko vyake vya hewa vinavyoielesha, hasa ikikosa jua na mawimbi. Zile aina mbili zinazoelea maisha yao yote, *Sargassum natans* na *Sargassum fluitans*, ni za Atlantiki, ambako tangu mwaka 2011 zimekuwa zikitanda kwa wingi wa ajabu hadi fukwe za Karibiani. Sagasamu ya Bahari Hindi kwa kawaida huota juu ya mwamba, kisha hung'oka na kupeperushwa. Ukiipata ikiwa bado imeshika kipande cha jiwe, ina nafasi nzuri zaidi ya kudumu. Ichukulie kama pambo la kubadilishwa, na uutegemee mwani wa swali la 11 kwa kazi ya kusafisha maji.

Nyasi za bahari, kama *Halophila ovalis* yenye majani mafupi ya mviringo, huota katika mchanga mwembamba wenye kina cha sentimita 8 hadi 15. Huzubaa kwa wiki kadhaa baada ya kuhamishwa na watu wengi huzing'oa wakidhani zimekufa. Ziache. Mikoko hupendeza mno ikiota nje ya tangi huku mizizi ikiwa majini, na mbegu ndefu ya mkoko huokotwa ufuoni ikiwa tayari imechipua. Hukua polepole kiasi kwamba mchango wake wa kusafisha maji ni mdogo. Nyunyizia majani maji yasiyo na chumvi mara kwa mara.

13. Nivune mara ngapi, na kiasi gani?

Kila wiki moja au mbili, toa kati ya robo na theluthi ya mwani uliokua. Usivune zaidi ya nusu kwa siku moja, kwa sababu amonia ya samaki itakosa pa kwenda. Mwani usiovunwa hujikinga mwanga, sehemu za chini huoza, na mbolea yote uliyoihifadhi kwa miezi hurudi majini. Kata kwa mkasi, isipokuwa kaulepa, ambayo ni bora kuing'oa pamoja na mzizi wake wa kutambaa kuliko kuikatakata, kwa kuwa kila jeraha huvuja. Mavuno yaanikwe juani hadi yakauke kabisa, kisha yawekwe kwenye mbolea ya bustani baada ya kusuuzwa chumvi.

## Samaki na chakula chake

14. Samaki aingizwe lini, na ahamishwe vipi?

Aingizwe wakati tangi limekaa angalau wiki 6, amonia na nitriti haviko, na mwani umekwisha kuvunwa walau mara moja. Mavuno ya kwanza ndiyo kipimo ninachokiamini kuliko kalenda. Kabla ya hapo akae wiki 4 katika tangi la karantini lisilo na mimea (swali la 20).

Usimtoe majini kwa wavu. Akiinuliwa hewani anaweza kumeza hewa, na hewa hiyo humfanya aelee kichwa chini bila kuweza kula. Zamisha bakuli, msukume taratibu aingie, kisha umhamishe akiwa ndani ya maji muda wote.

15. Anakula nini, na mara ngapi?

Mdogo wa sentimita 3 au 4 alishwe kila siku au siku moja baada ya nyingine; aliyekomaa mara mbili kwa wiki inatosha. Msingi wa chakula uwe uduvi hai wa maji ya chumvi, uliolishwa vizuri kwa siku moja kabla, pamoja na samaki wadogo wa baharini. Moli, ingawa huuzwa kama samaki wa maji baridi, huweza kuzoeshwa maji ya bahari kwa siku kadhaa na kuzaliana humo, jambo linalokupa chakula hai cha kudumu. Samaki wa dhahabu asitumike: mafuta yake hayamfai mwindaji wa baharini, na mwili wake una kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1.

Ukubwa wa windo usizidi nusu ya urefu wa samaki. Porini humeza windo linalokaribia urefu wake mwenyewe, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Ndani ya tangi mlo wa namna hiyo unaweza kuoza tumboni kabla ya kusagwa (swali la 21). Jicho lake halijui kushiba. Kazi ya kushiba ni ya mfugaji.

16. Hagusi chakula kilichokufa. Nifanyeje?

Anza na uduvi hai aliyeshikwa kwa ncha ya kijiti chembamba cha plastiki, kisha baada ya milo michache mbadilishie uduvi aliyegandishwa na kuyeyushwa, ukimtikisa karibu na kinywa kana kwamba anaogelea. Wengine hukubali mlo wa tatu, wengine hukataa kwa mwezi mzima. Samaki aliyekomaa mwenye afya anaweza kukaa wiki moja bila kula pasipo madhara, kwa hiyo usiogope kumpa njaa kidogo. Anayekataa daima alishwe hai. Hakuna haja ya kushindana naye.

17. Anaweza kuishi na nani?

Hakuna samaki mwingine, pamoja na wa aina yake. *Histrio* hula wenzake bila kusita, na wawili wanaolingana leo hawatalingana baada ya mwezi. Samaki mkubwa asiyeweza kumezwa naye ana kasoro yake: tasi atakula shamba lote, na wengi wengine watadonoa vile vinyama vya ngozi wakidhani ni majani. Konokono wadogo wa kulamba vioo wanafaa. Jongoo bahari husafisha mchanga vizuri, lakini akinaswa na pampu na kufa huachia sumu inayoweza kuua kila kitu, hivyo sishauri kumweka.

## Hali za pekee

18. Kaulepa imegeuka nyeupe usiku mmoja na maji yamekuwa kama maziwa. Nini kimetokea?

Imezaa. Kwa kuwa kila mche ni seli moja, inapofika wakati wa kuzaa humwaga yaliyomo yote majini na kubaki ganda tupu linaloangaza. Maji hujaa vitu vinavyooza na oksijeni hushuka kwa saa chache. Mhamishe samaki kwanza kwa njia ya swali la 14, washa pampu ya hewa na skima, ondoa kila kipande cheupe, kisha ubadilishe nusu ya maji. Dalili hutokea siku moja kabla: ncha hupauka na mabaka ya kijani kizito hujikusanya katikati ya majani. Mavuno ya mara kwa mara, maji yasiyobadilika ghafla na nitrati isiyoisha hupunguza uwezekano wa jambo hili.

19. Umeme hukatika kwetu mara kwa mara. Je, tangi litahimili?

Mchana, kama kuna mwanga wa dirishani, mwani huendelea kutoa oksijeni na saa kadhaa si tatizo. Usiku ni kinyume chake, kwa sababu mimea hupumua kama samaki, na tangi lenye mimea mingi ndilo linaloishiwa oksijeni mapema. Pampu ya hewa ya betri inayojiwasha yenyewe umeme unapokatika ni kifaa cha bei ndogo, nayo inapaswa kununuliwa kabla ya samaki. Usimlishe siku ambayo mgao umetangazwa.

20. Samaki ana madoa meupe kama chembe za chumvi. Je, niweke dawa ya shaba ndani ya tangi?

Usiweke. Shaba huua konokono na mwani, na huendelea kubaki katika mchanga na mawe. Madoa hayo mara nyingi husababishwa na kimelea *Cryptocaryon irritans*. Mtibu samaki katika tangi la karantini, kwa dozi iliyopimwa kwa uangalifu, kwa kuwa ngozi yake laini humfanya aumie na dawa haraka. Tangi la mimea libaki bila samaki kwa wiki 6 au zaidi ili kimelea kikose mwenyeji. Wenye tahadhari hungoja wiki 10. Mwani hautapata mbolea ya samaki kwa muda huo, kwa hiyo dondoshea uduvi mmoja aliyekufa kila baada ya siku chache ili nitrati isiishe.

21. Tumbo limevimba na anaelea. Ni ugonjwa?

Kuna sababu tatu za kawaida: amemeza hewa, amekula windo kubwa kupita kiasi, au ni jike lenye mayai. Jike hubaki na hamu ya kutembea na huvimba pole kwa pole kwa siku kadhaa. Aliyemeza hewa huvimba mara tu baada ya kuhamishwa. Aliyeshiba mno hulala juu ya tawi akipumua kwa haraka, na mara nyingine hutapika windo, liondoe upesi. Punguza mwanga, acha kumlisha, ongeza hewa majini, na umwache atulie.

22. Ametoa utepe mrefu wa ute unaoelea. Je, nitapata watoto?

Kama yuko peke yake, hapana. Majike hutaga hata bila dume, na utepe huo wa mayai yasiyorutubishwa utaoza ndani ya siku chache, kwa hiyo utoe kwa bakuli. Kama walikuwa wawili, mayai yanaweza kuanguliwa, lakini viluwiluwi ni vidogo mno, huhitaji chakula hai cha ukubwa wa vumbi, na kuwakuza nyumbani ni kazi ya mtu aliyejiandaa kwa miezi kabla. Watenganishe wazazi siku hiyohiyo, kwa sababu iliyotajwa katika swali la 17.

23. Ninaweza kumkamata mwenyewe, au kuokota mawe na mwani popote?

Si popote. Ndani ya maeneo yaliyohifadhiwa, kama Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia iliyoanzishwa mwaka 1995, au hifadhi za Malindi na Watamu zilizotengwa mwaka 1968, kuokota viumbe au mawe kunazuiwa na sheria. Matumbawe magumu yanalindwa pia na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na shamba la mwani halina haja nayo. Mawe ya chokaa ya nchi kavu yaliyooshwa vizuri yanatosha. Nje ya hifadhi, uliza ofisi ya uvuvi ya wilaya kabla ya kuchukua chochote.

24. Nikichoka kufuga, je, nimrudishe samaki baharini na mwani niumwage ufuoni?

Hapana kwa yote mawili. Samaki aliyekaa tangini anaweza kubeba vimelea vya samaki wengine wa dukani, kwa hiyo mpe mfugaji mwingine. Kuhusu mwani, *Caulerpa taxifolia* iligunduliwa mwaka 1984 katika maji ya Monako, chini ya jumba la makumbusho ya bahari, kisha ikaenea katika pwani kadhaa za Mediterania. Mwaka 2000 ilionekana California, na kuiangamiza kulichukua hadi mwaka 2006. Kipande kidogo kinatosha kuanzisha shamba jipya. Mwani ukaushwe juani kama ilivyoelezwa katika swali la 13, na maji ya tangi yamwagwe nchi kavu, mbali na mtaro unaoelekea baharini.